Pua Hufundwa

Kazi ya marehemu baba yangu ilikuwa kunusa. Kwenye karatasi za kiwanda alikuwa na cheo kingine, lakini kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Zamu nzima alikuwa kwenye chumba cha kuchachushia chai, katika kiwanda kimoja huku kwenye milima ya Usambara, ukitoka Soni kuelekea Bumbuli. Aliinamia majani yaliyokwisha kunyaushwa na kukatwakatwa, akachota konzi moja, akaipeleka puani, akairudisha, akasogea hatua chache, akachota tena. Saa ilikuwapo ukutani, na kipimajoto kilikuwapo, na wote waliviangalia. Hata hivyo, neno la mwisho la kupeleka majani kwenye mashine ya kukaushia lilitoka kwa baba na kwa mzee mmoja aliyemfundisha kazi.

Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa nikimpelekea chakula. Siku moja yule mzee aliniita, "Mgoshi, hebu njoo." Akanitilia kiganjani majani yaliyotoka kukatwa muda uleule. Yalikuwa ya kijani, yana unyevunyevu, na harufu yake ilikuwa ya nyasi zilizofyekwa asubuhi, kali kidogo, inayopanda juu ya pua. Kisha akanishika mkono hadi upande wa pili wa chumba, akanipa konzi nyingine. Haya yalikuwa yamegeuka rangi ya shaba, na yana vuguvugu. Ule ukali wa nyasi ulikuwa umekwisha. Sasa palikuwa na utamu wa tunda lililoiva, na ndani ya utamu huo kulikuwa na ua. Akaniuliza, "Kati ya pale na hapa, yamegeuka wapi?" Nikanyamaza. Akasema, "Basi hiyo ndiyo kazi ya baba yako."

Nimekuwa mwalimu wa biolojia kwa muda mrefu sasa, na swali la mzee yule nimeishi nalo darasani na nje ya darasa. Kemia ya chumba kile naweza kuieleza. Jani likikatwa, kuta za seli zake hupasuka, vimeng'enya hukutana na hewa, kemikali zinazotoa harufu ya ubichi hupungua, na zile zenye harufu ya maua na matunda hujitokeza. Ukichelewa, utamu nao hupotea na chai hupooza. Lakini kemia ya jani ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ilikuwa ndani ya vichwa vya wazee wale wawili, na hiyo ndiyo ninayotaka kuiandika hapa, kwa sababu niliwahi kuipoteza mwenyewe, na kuitafuta kulinifundisha zaidi ya vitabu nilivyosomeshwa.

Juu kabisa ndani ya pua, karibu na usawa wa macho, kuna utando wenye ute, sentimita chache tu za mraba kila upande. Hapo ndipo zilipo seli za neva za kunusia, mamilioni kadhaa, na vinyweleo vyao vimezama ndani ya ute huo. Mtu akivuta pumzi, molekuli zinazoelea hewani huyeyuka katika ute na kugusa vipokezi vilivyo kwenye vinyweleo. Kipokezi kikiikubali molekuli, milango midogo ya seli hufunguka, chembe zenye chaji huingia, na seli hutoa ishara ya umeme. Kuanzia hapo hakuna tena jani wala tunda katika safari hii. Kinachosafiri ni umeme mtupu.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Linda Buck na Richard Axel, walitangaza kwamba wamezipata jeni zinazotengeneza vipokezi hivyo, na mwaka 2004 walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi vinavyofanya kazi. Panya ana zaidi ya 1,000. Tembo wa Afrika, wa jamii ileile inayotembea katika Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi huko chini ya milima yetu, ana karibu 2,000. Na kila seli puani hubeba aina moja tu ya kipokezi.

Sasa, iweje mtu mwenye aina 400 za vipokezi atofautishe harufu nyingi kupita hesabu hiyo? Jibu ni kwamba harufu haina kipokezi chake peke yake. Molekuli moja huamsha vipokezi vya aina kadhaa, kimoja kwa nguvu, kingine kwa udhaifu, na kipokezi kimoja hukubali molekuli za namna nyingi. Harufu ni ule mkusanyiko wa vipokezi vilivyoamka pamoja, kama herufi chache zinavyotosha kuandika kamusi nzima. Chai moja tu ina mamia ya kemikali zinazopaa, na kila dakika kwenye chumba cha kuchachushia mkusanyiko huo unabadilika.

Nyuzi za seli za puani hupenya mfupa mwembamba wenye vitundu vingi na kuingia katika balbu ya kunusia, sehemu ya ubongo iliyokaa juu tu ya pua. Hapo pana utaratibu unaonishangaza kila ninapoufundisha. Seli zenye kipokezi cha aina moja zimetawanyika ovyo kwenye utando, lakini nyuzi zao zote hukutana kwenye vifundo vilevile vichache, viitwavyo glomeruli. Fujo ya mamilioni ya seli inakuwa ramani: vifundo hivi vimeamka, vile vimelala. Halafu seli nyingine za balbu huvinyamazisha vifundo vilivyoamka kidogo tu, ili tofauti kati ya harufu mbili zilizokaribiana ionekane wazi zaidi.

Kutoka kwenye balbu, harufu hushika njia ambayo macho na masikio hayana. Habari za kuona na za kusikia hupita kwanza thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo, ndipo zifike kwenye gamba la ubongo. Harufu haipiti huko kwanza. Huingia moja kwa moja kwenye sehemu iitwayo gamba la pirifomu, kwenye amigdala inayoshughulika na hofu, raha na chuki, na kwenye eneo linalopeleka habari hipokampasi, ambako kumbukumbu hujengwa. Kila Mtanzania anaijua njia hii hata kama hajawahi kusikia majina hayo. Panda basi kutoka Mombo wakati mvua ya kwanza inaigusa ile barabara ya vumbi ya pembeni. Ile harufu ya udongo ulioloa, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na jeosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni, itakupeleka kwenye shamba la bibi yako kabla hujakumbuka jina la shamba lenyewe. Hisia hutangulia, maneno hufuata.

Kwenye gamba la pirifomu ndipo kazi ya mzee yule inapokaa. Ile ramani nadhifu ya balbu haiendelei huko. Seli zinazoitikia harufu moja zimesambaa gamba zima, na mtoto hazaliwi akiwa amepangiwa kwamba seli hizi ni za iliki na zile ni za mdalasini. Seli zinazoamka pamoja mara kwa mara huimarisha viungo kati yao. Baada ya mazoezi mengi, hata sehemu ndogo ya mkusanyiko ikifika, kundi zima huamka na mtu husema: hii ni iliki. Kwa mwenye uzoefu zaidi, mikusanyiko miwili iliyofanana kwa asilimia kubwa hujitenga, na yeye husema: hii bado, hii tayari. Gamba nalo halipokei tu. Hurudisha ujumbe mwingi kwenye balbu, likiiambia cha kuzingatia na cha kupuuza. Kunusa ni mazungumzo ya pande mbili kati ya kilichopo mbele ya pua na kila kitu ulichowahi kunusa.

Nilielewa pia kwa nini baba alikuwa akitoka nje mara kwa mara. Wageni wa kiwandani walidhani anapumzika. Alisimama mlangoni, akavuta hewa ya ukungu, akarudi ndani. Seli za puani na ubongo wenyewe huzoea harufu isiyobadilika na kuacha kuitangaza. Ndiyo maana mwenye nyumba hainusi nyumba yake. Anayetegemea pua kazini lazima aipumzishe ili iamke upya. Hakuna aliyemfundisha baba neno lolote la elimu ya neva. Yule mzee alimwambia tu, "Toka nje, kisha rudi."

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliandika kwamba binadamu ana pua dhaifu, na kwamba kunusa ni kazi ya wanyama. Fikra hiyo ilikuzwa na mwanasayansi Mfaransa wa karne ya 19, Paul Broca, aliyeona balbu ya binadamu ni ndogo ukilinganisha na ubongo wake mzima. Mwaka 2017 John McGann wa Marekani alipitia ushahidi katika jarida la Science na kuonyesha kwamba dharau hiyo haina msingi. Miaka kumi kabla yake, watafiti wa Berkeley, California, waliwafunga watu macho, wakawaziba masikio, wakawapigisha magoti kwenye nyasi wafuate mstari wa harufu ya chokoleti. Wengi waliufuata. Cha maana zaidi, walipofanya mazoezi kwa siku kadhaa, kasi yao iliongezeka. Vipokezi vyao havikuongezeka. Walichoongeza ni ujuzi wa kuvitumia.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili uko hapahapa nchini. Tangu mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO lililoanzishwa na Wabelgiji hufundisha panya buku kutambua kwa pua mabomu ya kutegwa ardhini, na baadaye kifua kikuu. Panya hawa wana pua hodari, lakini hakuna panya aliyezaliwa akijali baruti. Mtoto wa panya huzoeshwa watu akiwa mdogo sana, kisha hufundishwa kwamba mlio fulani maana yake ni chakula, ndizi au karanga. Halafu harufu ya baruti huunganishwa na mlio ule. Hatua kwa hatua, miezi mingi, harufu isiyokuwa na maana yoyote inapewa maana. Mwishoni panya hutembea juu ya ardhi akiwa amefungwa kamba, na akifika juu ya bomu hukwangua udongo. Kwa uzito wake mdogo hawezi kulilipua.

Kwa kifua kikuu, panya hupitishwa juu ya safu ya vikombe vya makohozi yaliyouliwa vijidudu kwa joto, na husimama juu ya kile anachokishuku. Sampuli 100 humchukua dakika 20 hivi. Mtaalamu mwenye hadubini angehitaji siku kadhaa. Sampuli anayoionyesha panya hupimwa tena maabara, na kwa njia hiyo wagonjwa wengi waliokuwa wamerudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kifua kikuu wamepatikana. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la Uingereza la PDSA likamtunuku medali ya dhahabu ambayo hadi wakati huo haikuwahi kupewa panya. Magawa alikufa Januari 2022, amekwisha kustaafu.

Nikiwasimulia wanafunzi wangu habari hii, hushangazwa na panya. Mimi hushangazwa na wale wanaowafundisha. Ni vijana wa Morogoro wanaoamka mapema kila siku kurudia zoezi lilelile, kwa upole, kwa malipo ya kipande cha ndizi kila panya anapopatia. Wanachokijenga kiko ndani ya gamba la pirifomu la mnyama, na wanakijenga kwa njia ileile aliyotumia mzee wa kiwanda cha chai kwa baba yangu: harufu, maana, marudio, uvumilivu.

Mwaka 2021 niliugua. Homa ilikuja, kikohozi kikaja, mwili ukauma, na wiki ya pili nilikuwa naweza kusimama. Asubuhi moja nikaletewa chai, nikaona mvuke unapanda, nikanywa. Nilihisi joto, utamu wa sukari na uchungu kidogo ulimini. Chai yenyewe haikuwapo. Ulimi hutambua tamu, chumvi, uchachu, uchungu na ile ladha ya mchuzi wa nyama, basi. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kwa nyuma ya koo tunapotafuna na kumeza. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachuma majani ya mkaratusi, nikayafikicha mpaka vidole vikalowa, nikayabana puani. Macho yalihisi ukali wake. Pua haikuhisi chochote.

Nilikwenda zahanati. Nikaambiwa ni mafua, yataisha, nishukuru Mungu kwamba napumua. Kushukuru nilishukuru, maana watu walikuwa wakifa. Lakini hakuna aliyeniuliza nahisije kuishi hivyo. Sikuwa na uwezo wa kujua maziwa yamelala au ni mazima. Nilikaa jikoni na mboga ikaungua mbele yangu. Mtungi wa gesi ulitutia hofu kuliko vyote: gesi ya kupikia haina harufu yake ya asili, kiwandani hutiwa makusudi kemikali inayonuka ili mtu agundue ikivuja, na ulinzi huo kwangu ulikuwa umekufa. Mjukuu alipowekwa mapajani mwangu, nilimwinamia utosini kama wazee wafanyavyo, na sikupata kile ambacho kila mtu anakijua. Nilipoteza hamu ya kula, kisha hamu ya kukaa na watu. Waliopitia hali hii watanielewa nikisema kwamba dunia ilibaki ikionekana na kusikika, lakini haikuwa yangu.

Baadaye nilisoma kilichotokea. Virusi vya UVIKO-19 mara nyingi havishambulii zile seli za neva za kunusia zenyewe. Huingia kwenye seli saidizi zinazozizunguka, zile zinazozilisha na kuzitunza, kwa sababu hizo ndizo zenye mlango ambao virusi huutumia. Seli saidizi zikiharibika, utando mzima huvurugika na za neva hushindwa kufanya kazi. Lakini utando huu una zawadi ambayo sehemu nyingi za mfumo wa neva hazina. Chini yake kuna seli mama zinazozalisha seli mpya za kunusia maisha yote. Seli mpya hukua, hutoa uzi, na uzi hupanda kupitia vitundu vya mfupa kutafuta kifundo chake kwenye balbu.

Tatizo ni kwamba kujipanga upya huko kunaweza kwenda kombo. Miezi kadhaa baada ya homa, harufu zilianza kurudi, na zilirudi zimepotoka. Mke wangu alikaanga vitunguu, nikatoka mbio. Nilinusa mpira unaoungua uliochanganyika na maji machafu. Kahawa ilinuka hivyohivyo, na nyama choma pia. Hali hii inajulikana kwa madaktari, na vyakula vinavyoiamsha zaidi ni hivyo hasa: kahawa, vitunguu, nyama ya kuchoma. Watafiti wanaamini kwamba sehemu ya sababu ni mkusanyiko usiokamilika: baadhi ya vipokezi vimerudi, vingine bado, na ubongo unapokea habari pungufu na kuisoma vibaya. Mke wangu alihamishia jiko la mkaa uani na kupika huko bila kunung'unika. Sitasahau wema huo.

Rafiki yangu mfamasia ndiye aliyeniambia kwamba pua inaweza kufanyishwa mazoezi. Mwaka 2009 Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, walichapisha utafiti juu ya watu waliopoteza uwezo wa kunusa. Wagonjwa walinusa harufu nne, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12: waridi, mkaratusi, limau na karafuu. Waliofanya hivyo waliendelea vizuri kuliko wasiofanya, na tafiti nyingi zilizofuata zimelipa zoezi hili nafasi katika tiba. Nilipoisoma orodha ile nilitulia kwa furaha. Mkaratusi ulikuwa nyuma ya nyumba. Limau lilikuwa gengeni Soni. Waridi lilikuwa uani. Karafuu za Pemba zilikuwa kwenye kopo jikoni.

Nilianza na karafuu. Nilizitwanga kidogo ili mafuta yatoke, nikaziweka kwenye kikombe cha udongo, nikakisogeza puani. Nilivuta pumzi fupifupi, kwa sababu mvuto mfupi hupeleka hewa juu kwenye utando vizuri zaidi. Nilifumba macho na kuikumbuka karafuu kwa nguvu: pilau ya Idi, jino la mama lililokuwa likiuma usiku na punje aliyoibana kwa ulimi, magunia bandarini Tanga. Sikunusa kitu. Nikapumzika, nikaenda kwenye limau. Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi na jioni, wiki hadi wiki, na mara nyingi nilihisi naomba mlangoni pa nyumba isiyo na mtu.

Kisha asubuhi moja, kwenye kikombe cha karafuu, kukawa na kitu. Haikuwa karafuu. Ilikuwa baridi fulani yenye utamu, mbali sana, na ilipotea nilipovuta pumzi ya pili. Kesho yake ilikuwapo tena. Baada ya muda ikaanza kuwa na uzito, kisha ukali, na siku moja nikasema kwa sauti, "Karafuu," na nikalia. Limau lilifuata, kisha mkaratusi. Waridi lilichelewa kuliko yote. Vitunguu viliacha kuwa adui taratibu, mpaka mke wangu akalirudisha jiko ndani. Mpaka leo sijarudi nilikokuwa. Kuna harufu ambazo bado hazijanijia sawasawa, na moja ni ya mkulo, mti ambao jina lake la kisayansi, Ocotea usambarensis, limetokana na milima hii, na ambao mbao zake mbichi hunukia kafuri kwenye karakana za maseremala. Naendelea kuzinusa randa zake nikipita. Si kila anayefanya mazoezi haya hupona, na wapo wanaopona bila mazoezi. Lakini kukaa na harufu moja kwa makini, huku ukiikumbuka, kunaupa ubongo kazi ya kupanga upya kile ambacho seli changa zinaleta.

Nilichojifunza ni hiki: pua tunazaliwa nayo, kunusa tunafundwa. Na kinachofundwa kinaweza kufundwa tena. Nadhani jamii yetu hailitendei haki jambo hili. Tunamsifu mtoto anayesoma mapema na anayehesabu upesi. Mama anayeuza mapeasi sokoni Soni, anayelinusa tunda chini ya kikonyo na kukuambia hili la leo jioni na hili la keshokutwa, tunamwona hana elimu. Ana elimu. Imejengwa kwa miaka ndani ya ubongo wake, kwa marudio maelfu, kwa makosa yaliyosahihishwa na mteja aliyerudi na malalamiko. Akifa bila kumfundisha mtu, maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote.

Kwa hiyo darasani kwangu sasa kuna somo la pua. Wanafunzi hufumba macho, vikombe vinapita: mchaichai, iliki, mdalasini, majani ya mnanaa, udongo ulionyunyiziwa maji. Mara ya kwanza wengi hubabaika hata kwa vitu wanavyovila kila siku. Muhula ukiisha, wanatofautisha mdalasini wa gamba nene na wa gamba jembamba. Hakuna maabara inayohitajika, na hakuna mwanafunzi maskini asiyeweza kushiriki. Kwa viwanda vyetu vya chai nasema hivi: nunueni mashine za kupimia, zinasaidia, lakini msiwaache wazee wa kwenye uchachushaji waondoke kabla hawajakaa na kijana zamu baada ya zamu.

Na kwa wauguzi na waganga wa zahanati nina ombi moja. Ulizeni. Mgonjwa aliyetoka kwenye mafua makali, aliyeanguka na kuumia kichwa, mzee anayezidisha chumvi au asiyegundua ugali unaungua, aulizwe kama ananusa sawasawa. Uwezo wa kunusa hupungua kwa uzee, lakini pia hupungua mapema katika ugonjwa wa Parkinson na ule wa Alzheimer, wakati mwingine miaka kabla ya dalili nyingine kuonekana, kwa hiyo jibu la mgonjwa linaweza kuwa la maana kuliko anavyofikiri. Aelezwe ahadhari na gesi na chakula kilicholala. Aambiwe kwamba hajawa mwendawazimu kitunguu kikimnukia vibaya. Kisha afundishwe zoezi lile, asubuhi na jioni, kwa miezi. Swali hilo halina gharama, na vifaa vya kuanzia matibabu viko jikoni kwake.